Mkono Ulioshona Kiraka

"Tusekile, mashine yako imesema mimi si mtu."

Mama Sekela aliyasema hayo akiwa bado mlangoni, mwavuli mkononi, maji yakimchuruzikia kwenye kandambili. Hakuwa ametanguliza salamu, na kwa mwanamke wa Tukuyu kuingia kwa jirani asubuhi bila salamu ni jambo zito kuliko mvua yote iliyokuwa ikishuka mlimani siku ile.

"Ingia kwanza," Tusekile alisema, kisha akamuuliza kwa Kinyakyusa kama amelala salama. "Ugonile."

"Ndaga. Ila sikulala." Mama Sekela aliketi ukingoni mwa kochi. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukiruka juu ya goti kwa mpigo uleule ambao jirani zake walikwisha kuuzoea, mchana kutwa, kila ulipokuwa hauna kazi. "Nimeandika maelezo yangu mwenyewe pale mahakamani. Karani ni shahidi, alinikalia pembeni mpaka akasinzia. Nilipomaliza, Mchwa wako akaandika chini yake neno moja. Mashine."

"Aliandika mashine? Hakuandika sijui?"

"Kusoma najua, mwanangu."

Tusekile akaweka birika mezani polepole. Neno *sijui* lingekuwa la kuudhi tu. Mchwa akisema sijui, hakimu humwita mtu na kumsikiliza kwa mdomo. Lakini neno *mashine* maana yake ni udanganyifu, na maelezo hutupwa. Sheria hiyo ilikuja baada ya vioo. Kila mtu alipokuwa na kioo chake mfukoni, kinachomaliza barua kabla mwenyewe hajajua anataka kusema nini, mahakama zilijaa viapo ambavyo hakuna aliyeviapa, na wosia za marehemu zikaendelea kubadilika hata baada ya matanga. Ndipo ikaamriwa kwamba neno la mahakamani lichapwe kidole kwa kidole, kwenye kompyuta kuukuu zinazoendeshwa na Jiwe, mfumo endeshi ambao waliouunda walikwisha kuutupa, na ambao haukuwa na akili ya kumbunia mtu hata herufi. Na juu ya Jiwe palikuwa na Mchwa, kihariri cha maandishi, cha bure, kisicho na mwenyewe, ambacho yeyote angeweza kukifungua tumbo na kukiongezea amri zake. Mchwa aliandika ulichochapa, akasikiliza vidole vyako vinakimbia wapi na kusita wapi, kisha mwishoni akasema ulikuwa nani: mtu au mashine.

"Kesho asubuhi wananiita mara ya mwisho," Mama Sekela alisema. "Ndugu zake baba yake Subilaga wamekwisha kufika kutoka Dodoma. Wamekuja na gari kabisa. Maelezo yangu yasipopokelewa, mtoto anapanda."

Subilaga alikuwa na miaka sita, na tangu Sekela, mama yake mzazi, azikwe hakuwa na mama mwingine zaidi ya bibi yake. Kijiji kizima kililijua hilo.

"Karani alitumia toleo lipi?" Tusekile aliuliza.

"Jipya. Alisema ni lile la yule kijana wa mashine za chai. Anaitwa nani? Ambakisye."

Na hapa tuseme ukweli, maana uongo hautamsaidia mtu. Kabla Tusekile hajamwonea huruma jirani yake, kabla hajamfikiria mtoto, kitu kilimchezea kifuani, na kitu hicho kilikuwa furaha. Aliinama kumimina chai ili Mama Sekela asiione usoni pake.

*

Kwa zaidi ya miaka ishirini, Mchwa wa Jiwe alikuwa na mtunzaji mmoja. Ulimwengu ulipohamia kwenye vioo, wengine wote waliacha, Tusekile akabaki. Karani wa Kyela akikwama, aliuliza kwa Tusekile. Zahanati ya Busokelo ikitaka amri ya kukuza herufi kwa ajili ya wazee, ilitumwa kwa Tusekile. Hakuwahi kulipwa hata shilingi, na hilo halikumuuma, kwa sababu alilipwa kwa namna nyingine: watu walipotaja Mchwa, walimtaja yeye.

Halafu akaja Ambakisye. Alikuwa fundi wa mashine za kukaushia chai, mtu wa thelathini na kitu, mpole hadi anakera, mwenye tabia ya kufuta mikono kwenye suruali kabla ya kugusa kibodi kana kwamba anaingia kanisani. Kiraka chake cha kwanza, yaani marekebisho madogo ya amri za Mchwa, kilipunguza muda wa kuwaka. Cha pili kilimfundisha Mchwa kuvumilia umeme unaokatika. Watu wakaanza kusema "ulizeni kwa Ambakisye," kwanza vijana, baadaye hata wale wazee wa Kyela. Kipya kinyemi, Tusekile alijiambia. Alijiambia hivyo kila siku kwa mwaka mzima, na kila siku kinyemi kilizidi.

Kisha kijana akaleta kiraka cha mikono inayotetemeka.

Baba yake mzazi alikuwa na mkono kama wa Mama Sekela, na Ambakisye alikuwa amekaa na kuutazama kwa makini. Mtetemo wa ugonjwa ule, alieleza, huja kwa mpigo mmoja kama wa saa ya ukutani, na Mchwa anaposikia mpigo usiobadilika hushuku mashine na kuandika *sijui*. Lakini chini ya mtetemo kuna mtu. Mtu husita kabla ya jina la marehemu. Hukimbia anapoandika lile analolijua kwa moyo. Basi mtetemo uondolewe kwanza, kama makapi, ndipo kinachobaki kipimwe. Katika lugha ya Mchwa zilikuwa amri mbili tu, *pepeta* na *pima*, na kazi yote ya Ambakisye ilisimama juu ya mpangilio huo: pepeta kwanza, ndipo upime. Kwa kuwa sasa Mchwa angesikia vizuri, kijana alimwondolea pia lile neno sijui. Wagonjwa wamechoka kuitwa na kuulizwa kama wao ni watu, alisema.

Mkutano mzima wa jumuiya ya watumiaji wa Mchwa ulimpigia makofi. Tusekile naye alipiga, na viganja vilimwasha.

Katika jumuiya yao kiraka hakinakiliwi. Hiyo ilikuwa sheria ya kwanza na waliipenda kuliko zote. Mwandishi huleta kazi yake, lakini haingii ndani ya Mchwa mpaka mtu mwingine aichape yote upya kwa vidole vyake, herufi kwa herufi, huku msomaji akimsomea na kutazama skrini. Walikuita kushona. Msomaji akiona kosa hugonga meza, na mshonaji hurudi nyuma. Kwa njia hiyo hapakuwa na mstari hata mmoja ndani ya Mchwa ambao haukupita mikononi mwa mtu na masikioni mwa mwingine.

Msomaji wa Tusekile alikuwa Mwaisumo, mzee mwenye sauti nzito aliyesoma amri za kompyuta kama anayesoma Zaburi. Alipofariki, kiti chake kilibaki kando ya meza ya kushonea, na Tusekile akaweka juu yake kikapu chake cha sufu, ili pasiwe na mtu wa kukikalia. Ilipofika zamu ya kushona kiraka cha Ambakisye, kijana alikuja akiwa ameoga na kuchana nywele, tayari kusoma. Tusekile akamwambia hahitaji msomaji. Alikishona peke yake mchana mmoja, midomo ikiwa imekazwa, akichapa haraka kama mtu anayefua nguo za mke mwenzake.

Toleo likatoka. Jina la mwandishi: Ambakisye.

*

Banda la zamani la kupimia majani ya chai, ambalo jumuiya ililigeuza kuwa ofisi, lilikuwa na kengele, na kengele hiyo ililia kwa sababu moja tu: Mchwa amemkana mtu. Tusekile aliipiga kabla ya saa sita. Kufikia alasiri mabenchi yalikuwa yamejaa na koti za mvua zikidondosha maji kwenye misumari ukutani. Mwakyoma, mwenyekiti, alifika mwisho, akiwa na tope mpaka magotini.

Tusekile alisimama. Alikuwa amejiandaa njiani kote, na maneno yalimtoka yakiwa yamenyooka.

"Bibi huyu mnamjua. Mchwa amemwita mashine, na kesho anapoteza mjukuu. Toleo la zamani halikuwahi kumwita mtu mashine kwa sababu ya maradhi. Lilisema sijui, na sijui ni neno la adabu. Kuna mtu aliona adabu hiyo haina kazi akaiondoa." Hakumtazama Ambakisye. Hakukuwa na haja. Wengine walimtazama kwa niaba yake. "Sitaki maneno mengi. Naomba kiraka kifumuliwe, kishonwe upya hapa mbele yenu, asomaye awe mwandishi mwenyewe. Mkiona kimeshonwa sawasawa na bado kinamkana bibi, basi mtajua ubovu umetoka kwenye kitambaa."

"Ambakisye, una neno?" Mwakyoma aliuliza.

"Sina, baba. Nitasoma." Alikuwa amepauka. "Nilikijaribu kwa mzee wangu mara nyingi. Sielewi."

Tusekile alikaa mbele ya kibodi. Ambakisye alikitazama kiti cha Mwaisumo, akakiona kikapu, akasimama tu nyuma ya bega lake, na akaanza kusoma.

Alisoma vizuri. Hilo nalo lilimuudhi Tusekile. Hakuwa na sauti ya Mwaisumo, lakini alijua pa kupumua, na baada ya mistari michache vidole vya Tusekile vilikuwa vimeipata njia na kwenda vyenyewe, kama zamani. Skrini ilikuwa ndogo na mabenchi yalikuwa mbali. Aliyeona maandishi ni yeye na msomaji wake tu. Mvua ilipiga bati. Kwa muda mfupi alisahau kwamba anamchukia mtu anayemsomea.

"Pepeta mdundo," Ambakisye alisoma. "Kisha, pima mdundo."

Tusekile alichapa. Kwenye kona ya jicho akaona kidole cha kijana kikiinuka juu ya meza, tayari kugonga.

Hakikugonga. Kilibaki hewani kidogo, kisha kikashuka taratibu na kulala ubaoni, na sauti ikaendelea na mstari uliofuata.

Tusekile akatazama skrini. *Pima mdundo. Pepeta mdundo.*

Alikuwa amesikia vizuri. Masikio yake hayakuwa na kasoro yoyote. Lakini mistari hiyo miwili alikuwa ameichapa kwa mpangilio wake wa zamani, pima halafu pepeta, kwa miaka zaidi ya ishirini, kila alipotoa toleo, mara nyingi kuliko alivyowahi kuandika jina lake. Na vidole vilipoona zamu yao imefika havikumngoja mtu. Mazoea yana taabu. Na kama vilifanya hivyo leo, mbele za watu, huku akisomewa kwa sauti, basi siku ile alipojifungia peke yake na hasira zake vilifanya nini?

Alilijua jibu kabla hajamaliza kujiuliza. Mchwa wa mahakamani aliupima mtetemo ukiwa bado na makapi yake, na neno la adabu halikuwepo tena la kumzuia. Hapakuwa na ubovu wowote kwenye kitambaa.

Angeweza kusimama palepale. Badala yake vidole viliendelea, na sauti nyuma ya bega ikaendelea, wote wawili wakilijua, mpaka mwisho wa kiraka.

Mama Sekela akaletwa mbele ya kibodi. Alichapa mistari michache ya maelezo yake, kuhusu Subilaga na homa ya mwaka jana na nani alikesha naye, mkono ukimruka na kurudi, na kila herufi ikimgharimu. Alipomaliza, Mchwa akaandika neno lake, na Mwakyoma akalisoma kwa sauti.

"Mashine."

Mnong'ono ukapita. Mtu mmoja wa nyuma akasema kijana akae na mashine zake za chai. Mwingine akasema jina lake litolewe kwenye Mchwa, na akaungwa mkono na watu wengi kuliko Tusekile alivyotarajia, wengi wao walewale waliopiga makofi. Alikuwa ameisubiri saa hiyo mwaka mzima, na ilipofika ilikuwa na ladha ya chai iliyolala.

"Tunywe chai kwanza," Mwakyoma alisema. "Tukirudi tutaamua."

*

Alimkuta Ambakisye upenuni, ameegemea mizani ya kale ya majani, kikombe mkononi bila kunywa.

"Uliona," Tusekile alisema.

"Niliona, mama."

"Kidole ulikiinua."

"Niliinua."

"Mbona hukugonga?"

Kijana alitazama mvua. "Ningegonga vipi mbele ya watu wote wale? Wewe ndiye mtunzaji. Nilidhani utaona mwenyewe, urudi nyuma kimyakimya."

"Sikurudi."

"Hukurudi," alikubali, bila ukali wowote.

"Kwa hiyo unanihurumia." Kushindwa na kijana kwa kipaji ni jambo moja. Kipaji hugawiwa na Mungu na hakina lawama. Lakini huyu alikuwa anataka kumshinda hata kwa wema, na aliona wivu mpya, mkali kuliko ule wa kwanza, ukimpanda kama kiungulia. "Watalifuta jina lako."

"Watalifuta kwenye kiraka. Mimi nina kazi yangu kiwandani. Wewe wakikuondoa, Jiwe litabaki na nani?" Alikizungusha kikombe. "Halafu, mama, mimi nilijifunza kwa kusoma mistari yako. Hapakuwa na mwalimu mwingine. Hiyo pepeta uliiandika wewe, sikuibuni mimi. Mimi nimeihamisha mahali tu."

Angemtukana ingekuwa nafuu. Tusekile alitafuta mahali pa kuweka hasira yake, na kwa bahati akapapata.

"Na Mama Sekela?"

Ambakisye aliinamisha macho kwenye kikombe.

"Umenisitiri mimi. Yeye umempa nini? Kesho mtoto anapanda gari kwa sababu wewe una adabu. Mwaisumo angegonga meza hii mpaka ivunjike, na angeniita jina baya juu yake. Adabu yako bei yake analipa nani?"

"Hilo ndilo linalonikaba," alisema kijana, na kwa mara ya kwanza uso wake haukuwa mpole. "Nilikuwa naenda kumwomba mwenyekiti turudie kesho alfajiri. Nikushonee... nikusomee tena, tukiwa wawili. Sikujua namna nyingine."

"Hakuna kushona kwa siri. Kila mshono hutangazwa: kosa lilikuwa lipi, na ni mkono wa nani."

"Basi tangaza kwamba kosa ni langu na umelipata wewe. Mimi sitapinga. Bibi atapata neno lake leo hii, na wewe utabaki ulipo."

Alilisema kwa wepesi, kama mtu anayempisha mwingine njiani. Kisha akamwaga chai yake kwenye majani na kuingia ndani.

Tusekile alibaki upenuni. Ilikuwa njia safi kabisa. Mtoto angebaki, Mchwa angepona, jumuiya ingelala usingizi, na kwa miaka ijayo watu wangesema kijana alikuwa na kipaji lakini mama ndiye aliyekiona kilipopinda. Asingehitaji kusema hata uongo mrefu. Maneno mawili yangetosha, *kosa lake*, na mwenyewe alikuwa amempa ruhusa. Aliyajaribu mdomoni, na yalikaa vizuri.

Waliporudi ndani Mwakyoma alimrahisishia hata zaidi. "Nasikia mlikuwa mnazungumza nje. Umelipata kosa la kijana?"

Mabenchi yote yalimgeukia. Ambakisye alikuwa amesimama karibu na mlango, mikono nyuma. Tusekile akafungua mdomo.

"Samahani," Mama Sekela alidakia kutoka benchi la mbele. Alikuwa ameushika mkono wa kulia kwa wa kushoto ili utulie. "Mimi mambo yenu ya viraka siyajui. Msinigombanie. Mimi nataka tu iandikwe kwamba aliyeandika ni mimi. Hata kama nimeandika vibaya. Iwe ni mimi."

Tusekile aliufunga mdomo. Miaka yote ile ya kuitwa na makarani, ya kukesha na kompyuta zenye vumbi, ya kubaki wengine walipohama, kumbe alikuwa akilinda jambo moja tu, lile alilolisema bibi huyu kwa pumzi moja: kwamba neno likae chini ya mkono uliolichapa. Alimtazama Ambakisye na akatamani, kwa moyo wote, kijana huyo asingekuwepo duniani. Kisha akamgeukia mwenyekiti.

"Kosa nimelipata," alisema. "Ni kugeuza amri mbili. Kimepimwa kabla ya kupepetwa. Kiraka cha Ambakisye kiliandikwa sawasawa na kilisomwa sawasawa. Mkono ni wangu. Ni wangu leo, na ni wangu siku ya kwanza, nilipokishona peke yangu bila msomaji kwa sababu sikutaka asomaye awe yeye."

Mwakyoma aliketi. "Kwa nini hukutaka?"

"Kwa sababu ni hodari," Tusekile alisema, "na mimi nina wivu."

Ilikuwa aibu kuyasema hayo mbele ya watu wa Kyela. Mtu alikohoa. Hakuna aliyecheka, na yeye angependa wacheke.

"Sasa," aliendelea haraka, kabla ya yeyote kumpa pole, "marekebisho haya ni kiraka, na mwandishi wake ni mimi, maana nililoharibu ni mimi ninayelirudisha. Mwandishi hashoni kazi yake. Ambakisye, kaa hapo."

"Kwenye kibodi yako, mama?"

"Unaona nyingine?"

Kijana alifuta mikono kwenye suruali, akakaa. Tusekile alisimama nyuma ya bega lake, mahali alipokuwa amesimama kijana, na akaanza kusoma. Hakuwa amewahi kumsomea mtu. Hakujua kwamba msomaji huona shingo ya mshonaji, na jinsi inavyoinama. Alisoma mstari kwa mstari, kidole chake kikiwa kimeinuliwa juu ya meza, na alitazama skrini kwa jicho la mwewe. Alikuwa anamwombea kosa. Dogo tu, nukta iliyokaa vibaya, kitu cha kumfanya agonge meza mara moja, watu wasikie. "Pepeta mdundo," alisoma. "Kisha, pima mdundo." Kijana aliichapa kama ilivyosomwa. Hakukosea pale, wala baada ya pale, na kidole cha Tusekile kilichoka kukaa hewani.

Mama Sekela akarudi kwenye kibodi. Aliandika mistari ileile, homa ileile, mkono ukiruka vilevile. Kabla ya jina la Sekela alisita kwa muda mrefu, na banda zima likasita naye. Kisha Mchwa akaandika, na safari hii mwenyekiti hakusoma. Alimwachia bibi asome mwenyewe.

"Mtu," Mama Sekela alisoma. Akaitazama skrini kama anayemtazama mkwe aliyechelewa kuleta posa. "Hilo nilikuwa nalijua."

Ndipo makofi yakalipuka, na watu wakaja mbele, wakamzunguka Ambakisye, wakimpiga mabegani, hata yule wa nyuma aliyesema akae na mashine zake za chai. Karani wa Kyela alimwuliza kama angeweza kutazama kompyuta yake wiki ijayo. Hakuna aliyemwuliza Tusekile chochote. Alikuwa wa mwisho kupiga makofi, lakini alipiga.

Toleo lililorekebishwa lilipokwisha kutumwa mahakamani na watu walipoanza kuchukua koti zao, kijana alijisogeza kutoka katikati yao, akasimama kando ya meza, hajui kama arudishe kibodi au aage.

"Nina kiraka kingine, mama," alisema. "Cha wasioona. Bado hakijakamilika."

"Lete kikikamilika."

"Utakishona mwenyewe?"

"Nitakishona. Na ukiona kosa, gonga meza. Usipogonga meza, nitakugonga kichwa."

"Sawa, mama."

Alisimama palepale, amechoka, akitafuta kwa macho mahali pa kujiegesha. Tusekile alifungafunga nyaya ambazo hazikuhitaji kufungwa. Kisha akainua kikapu cha sufu kutoka kwenye kiti cha Mwaisumo, akakiweka sakafuni, na akakisukuma kiti upande wa kijana, kwa mguu, bila kumtazama.